Theluthi Mbili ya Nani?

Spika huingia ukumbini akitanguliwa na siwa. Muswada husomwa, hoja hutolewa, akidi huhesabiwa, wanaoafiki husema Ndiyo na wasioafiki husema Siyo. Kwa mambo haya yote Kiswahili cha bungeni kimejitosheleza. Kinapungukiwa mahali pamoja: hakina jina la ile kura inayotakiwa kuvuka nusu kwa mbali, inayodaiwa Katiba inapoguswa au kiongozi mkuu anapoondolewa madarakani. Kina hesabu tu. Tunasema “theluthi mbili” na kuishia hapo.

Upungufu huo hauumi sana theluthi mbili ikibaki kwenye Katiba. Unauma pale anapotokea mtu akidai kwamba sheria zote, ya korosho, ya leseni na ya kodi ya majengo, zipite kwa kura za namna hiyo, ili chama chenye nusu na mmoja kisiwaburuze wengine. Dai hilo lina watetezi wake na lina uzito. Lakini tukiliingia na namba peke yake, tutabishania namba. Na tangu mwaka 2021, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno lililolegea bungeni halibaki bungeni. Siku moja litasomwa na hakimu, na mtu atashinda au atashindwa kesi kwa neno hilo. Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, tuyageuze maneno haya moja moja.

Tuanze na theluthi. Ni ya Kiarabu, thuluth, na ina ndugu zake pwani nzima: nusu, robo, humusi, sudusi, thumuni. Nyumba yao kubwa ni mirathi. Mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni. Mama wa marehemu huyo hupata sudusi. Mabinti wawili au zaidi wasio na kaka hugawana theluthi mbili. Wasia nao hauvuki theluthi moja. Neno hili lilikuwa la kadhi kabla halijawa la Spika.

Kadhi hatamki theluthi bila kutaja ya nini. Ni theluthi ya mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni. Asipolisema hilo, ndugu watadhulumiana kwa hesabu iliyo sahihi kabisa. Bungeni na magazetini tumelichukua neno na kuliacha sharti lake. “Muswada umepata theluthi mbili.” Theluthi mbili ya nani? Ya wabunge wote? Ya waliohudhuria? Ya waliopiga kura, ukiwatoa waliokaa kimya? Shule zetu za msingi zina maneno mawili mazuri kwa jambo hili: namba ya juu ya sehemu ni kiasi, namba ya chini ni asili. Sisi tunatangaza kiasi na kuificha asili. Pendekezo langu la kwanza ni dogo na halihitaji neno jipya: tuseme asili ya kura. Kila panapotajwa sehemu, asili yake itajwe.

Kabla ya kuliacha neno, kuna suala la masikio. Watanzania wengi husema theluthi, Wakenya wengi husema thuluthi. Thuluthi imekaa karibu zaidi na Kiarabu. Theluthi ndiyo iliyomo katika Katiba ya Tanzania ya 1977, na ndiyo niliyoizoea. Sioni sababu ya kumsahihisha yeyote kati yao, mradi mtu asiandike zote mbili katika sheria moja.

Sarufi nayo ina la kusema. Mbili ni wingi, kwa hiyo tungetarajia “theluthi mbili za wabunge”. Katiba inasema “theluthi mbili ya Wabunge wote”. Upatanisho huo wa ya unazishika sehemu mbili na kuzifanya kitu kimoja, na nadhani aliyeandika alisikia sawasawa. Mafungu mawili yaliyokaa pembeni hayampi mtu uamuzi. Yakishaungana kuwa kauli moja ndipo yanapokuwa na nguvu ya kisheria. Ya ile ibaki.

Kenya imelipa neno hili maisha mengine. Ukitaja “sheria ya thuluthi mbili” mjini Nakuru au Kisumu, anayekusikia hafikirii Katiba kubadilishwa, anafikiria jinsia. Katiba ya 2010 inataka chombo chochote cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Ili kulitekeleza sharti hilo kwa Bunge lenyewe ilibidi Katiba ibadilishwe, na kuibadilisha kunataka theluthi mbili ya wabunge. Mwezi Februari 2019 walioingia ukumbini hawakufika 233 waliohitajika, na haikuwa mara ya kwanza kwa muswada wa namna hiyo kukwama. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Wanawake wa Kenya bado wanaidai theluthi moja iliyozuiwa na theluthi mbili.

Ukiyaangalia maneno, theluthi mbili ya kwanza ina kitenzi isizidi na ya pili ina isipungue. Vitenzi hivyo viwili ndivyo vinavyobeba maana, namba imebaki ile ile. Mwandishi wa habari akividondosha ili kichwa cha habari kiwe kifupi, amedondosha sheria yenyewe.

Isipungue pia hujibu swali la vipande vya watu. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349, na theluthi mbili yake ni 232 na kipande. Mtu hakatwi, kwa hiyo inapanda kuwa 233. Seneti ina 67, na theluthi mbili inatoa 44 na kipande, yaani 45. Tarehe 8 Oktoba 2024, Naibu Rais Rigathi Gachagua alipopigiwa kura ya kuondolewa, waliounga mkono katika Bunge la Taifa walikuwa 281 na waliopinga 44, na hakuna aliyehitaji kubishania kipande. Siku watakayofika wabunge 232 ndipo watu watakapofungua kamusi.

Kura yenyewe ni neno la ajabu. Kwa Kiarabu qur’a ni bahati nasibu, kijiti au kikaratasi kinachochomolewa ili Mungu au bahati iamue. Kiswahili cha zamani kilipiga kura kwa maana hiyo, na Biblia yetu bado inawapigia kura mitume. Neno likahama likaenda kwenye uchaguzi wa kufikiria, na halikutuachia hata alama ya safari. Ni uhamisho uliofanikiwa. Nautaja kwa ajili ya wale wanaodai kwamba neno la zamani haliwezi kubeba maana mpya bila kuchanganya watu.

Sasa wengi. “Wengi wape,” methali inasema, kwa maneno mawili. Haitaji kiasi. Haisemi nusu na mmoja, wala theluthi mbili, na katika baraza la kijiji haikuhitaji, kwa sababu watu walizungumza mpaka upinzani ukayeyuka, kisha wakasema wameafikiana. Bunge halina muda huo. Likaigeuza sifa kuwa nomino, wingi, kama linavyoandikwa “kwa wingi wa kura”. Wingi ni neno zuri lenye doa moja: darasani linakaa mkabala na umoja. Umoja na wingi, mtu na watu. Anayedai theluthi mbili kwa kila sheria anasema, bila kujua, kwamba anataka wingi ukaribie umoja.

Kiarabu kilipita njia nyingine. Wingi wa bungeni kinauita aghlabiyya, kutoka mzizi wa kushinda na kuzidi nguvu. Ni mzizi ule ule uliotupa aghalabu yetu. Kiswahili kinahesabu vichwa, Kiarabu kinamtaja mshindi. Wapo waliowahi kutamani tuwe na neno kama aghalabia. Mimi silitaki. Tukilichukua, kila kura itakuwa vita, na tayari tunazo lugha za kutosha za vita katika siasa.

Neno la kuliondoa mara moja ni wingi rahisi. Limeingia kwa tafsiri za haraka, na linakusudia kura za kawaida za kupitisha sheria, zaidi ya nusu ya waliopiga. Lakini rahisi kwa Mswahili ni kitu kisicho na taabu, na sokoni ni kitu cha bei ya chini. Mbunge aliyezunguka miezi sita akitafuta kura 180 za muswada wake hakupata wingi rahisi. Na mwananchi akiambiwa kwamba sheria inayomfunga ilipita kwa wingi rahisi, atakuwa na haki ya kuuliza ilinunuliwa wapi. Tuna wingi wa kawaida, na unatosha.

Hata huo wa kawaida una asili mbili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukua Bunge la wabunge 300 ambalo akidi yake ni nusu ya wote, kama ilivyo Tanzania. Siku wamekuja 150, akidi imetimia, na wote wanapiga kura. Sheria inapita kwa 76. Hao ni robo ya Bunge na mmoja. Mtu akidai theluthi mbili ya waliohudhuria, inahitajika 100. Akidai theluthi mbili ya wote, inahitajika 200, na siku hiyo hata wote 150 wakisema Ndiyo muswada haupiti. Mia moja na mia mbili, na gazeti litaandika “theluthi mbili” kwa zote. Kenya ni wazi zaidi: akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50 kati ya 349, na kwa hiyo sheria ya kawaida inaweza kupitishwa na watu 26.

Neno linaloamua mambo haya lina herufi nne: wote. Wote linawahesabu walio hospitalini, walio safarini, waliosusa na waliolala nyumbani. Asiyekuja amepiga kura ya Siyo bila kunyanyuka kitandani. Waliopo, kinyume chake, linamfuta asiyekuja. Tuseme basi wingi wa waliopo na wingi wa wote. Istilahi hizo mbili hazina fahari yoyote, lakini anayezisikia hahitaji maelezo, na mwanasiasa hawezi kujificha nyuma yake.

Ukiniuliza maoni yangu juu ya sheria za kawaida, kabla ya kukimbilia theluthi mbili ningebadilisha asili. Sheria ipite kwa wingi wa wote: wabunge 300, kura 151, waje wote au wasije. Hapo hakuna mchache aliyepewa nguvu ya kumzuia mwingi, na hakuna sheria itakayotungwa na robo ya ukumbi jioni ya Ijumaa.

Seneti ya Marekani ilifanya mchezo huu huu wa kiasi na asili, na wachache wanaukumbuka. Kanuni ya kufunga mjadala iliwekwa mwaka 1917 kwa theluthi mbili. Mwaka 1975 ikashushwa kuwa tatu ya tano, na wengi wakasherehekea kwamba mlango umefunguliwa. Lakini kabla ya hapo ilikuwa theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Baada ya hapo ikawa tatu ya tano ya maseneta wote. Sehemu ilipungua, asili ikakua. Leo inahitajika 60 kati ya 100 hata kama ukumbini wamo 70, na 41 wanatosha kuuzuia muswada kwa kukaa tu bila kupiga kura. Tatu ya tano ni humusi tatu. Neno tunalo, limelala kwenye kamusi. Naomba liamshwe.

Akidi haina tatizo na sitaitafutia. Ni idadi ya kuanzia kikao, na ikisimama peke yake ni neno safi. Tatizo ni wanaoitumia kwa idadi ya kupitisha, “akidi ya theluthi mbili haikufikiwa”. Kikao kinaweza kuwa na akidi na muswada ukaanguka. Tusiyachanganye.

Badala yake wengine huandika kizingiti: “kizingiti cha theluthi mbili”. Hapa tuwe macho. Kizingiti cha mlango ni ule mti wa chini unaouvuka ukiingia, na kwa maana hiyo picha inafaa. Lakini katika Kiswahili cha kila siku neno limeshahamia kwenye kikwazo. Tunasema vizingiti vya maendeleo, vizingiti vya kibiashara. Aliyeandika kizingiti ameshatoa hukumu: theluthi mbili ni kitu kinachozuia, kiondolewe. Mpinzani wake akiandika ngao ya wachache, naye ametoa yake. Istilahi ya sheria haipaswi kuwa na upande.

Kiswahili cha Waislamu kina neno lisilo na upande, nisabu. Ni kiwango ambacho mali ikikifikia inapasa kutolewa zaka. Chini yake hakuna wajibu. Halilalamiki wala halisifu, linasema tu mahali jambo linapoanza kuwa wajibu. Mabunge ya Waarabu yameshalichukua kwa akidi. Sisi akidi tunayo, kwa hiyo lingekuwa huru kubeba kazi hii: nisabu ya kura. Muswada umefikia nisabu, muswada haukufikia nisabu. Najua atatokea wa kusema kwamba ni neno la dini moja. Theluthi nayo ilitoka katika mirathi ya dini hiyo hiyo, na leo inatamkwa na askofu na mpagani.

Turufu ilitoka kwenye karata, na kabla ya hapo kwa Wareno, trunfo. Kura ya turufu ni ya mmoja anayezikata za wote. Tunaitumia kwa Rais anapokataa kutia saini, na kwa mataifa makubwa matano pale Umoja wa Mataifa. Nitailinda, kwa sababu inaonyesha jambo lililojificha ndani ya theluthi mbili. Katika Bunge la 300 nisabu ikiwa 200, wabunge 101 wana turufu. Hawawezi kupitisha chochote, lakini wanaweza kukizuia chochote. Wingi mkubwa unaotakiwa upande huu ni turufu iliyowekwa mikononi mwa wachache upande wa pili.

Wachache hao si lazima wawe wanyonge. Jimbo la California liliishi miongo mingi na sharti la theluthi mbili kwa bajeti, hadi wapiga kura walipoliondoa mwaka 2010. Kwa kodi mpya sharti bado lipo, tangu 1978. Katika msukosuko wa 2009 serikali ya jimbo tajiri kiasi hicho ilifika mahali pa kuwalipa watu kwa hati za ahadi, kwa kuwa bajeti ilikuwa imekwama. Sheria zote zikiwekewa theluthi mbili, anayelindwa kwanza ni yule aliyekwishapendelewa na sheria zilizopo. Hali iliyopo haihitaji kura hata moja ili iendelee. Mwenye shamba kubwa lililopimwa zamani hana haja ya kushinda bungeni. Anachohitaji ni theluthi moja na mmoja.

Hiyo theluthi moja na mmoja nayo inataka jina. Upinzani haufai, kwa kuwa unaweza kuwa mdogo kuliko hapo usizuie chochote. Nadhani theluthi zuizi ingekaa vizuri, kwa mfano wa sifa kama elekezi na dokezi. Na atakayeiona nzito aseme theluthi ya kuzuia.

Turufu ya Rais ikikataliwa na Bunge, tunasemaje? Nairobi husema Bunge limebatilisha au limetengua uamuzi wa Rais, na ni sahihi: wabunge wakifikisha theluthi mbili Rais ana siku saba, asipotia saini muswada huhesabiwa kuwa sheria. Dodoma haiwezi kuliazima neno hilo. Ibara ya 97 inasema muswada uliokataliwa ukiungwa mkono tena na theluthi mbili ya Wabunge wote, unarudi kwa Rais, naye ana siku 21 za kuukubali, la sivyo inambidi alivunje Bunge. Hapo hakuna kilichotenguliwa. Bunge limesema kwa mara ya pili, kwa sauti nzito zaidi, na kujiweka hatarini kwa kusema hivyo. Kitendo hicho kina kitenzi chake, kusisitiza, na ningeiita kura ya kusisitiza.

Tumebaki na kura yenyewe, ile isiyo na jina. Wingi mkubwa haufai, kwa sababu kila mshindi hudai wake ni mkubwa. Wingi wa kupindukia unalaumu. Wingi maalumu unatumika hapa na pale, na haukosei, lakini maalumu ni neno la kuhifadhia vitu ambavyo hatujavitazama. Viti maalumu, kikosi maalumu, bei maalumu. Halituambii lolote kuhusu umaalumu wake. Jamhuri ingefaa kama haingekuwa imeshaajiriwa: kwa Kiarabu jumhur ni umma kwa wingi wake, na wanazuoni wa fikihi huitumia kwa rai iliyoshikwa na wengi wao. Kila tunapotaja Jamhuri ya Kenya au Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tumeshawataja wengi. Kauli moja nayo ni ya wote bila aliyebaki, na ijma ya wanazuoni iko huko huko.

Ninapendekeza wingi mpana. Upana ni kipimo tofauti na urefu. Kitu kirefu kinaweza kuwa chembamba. Kipana kimegusa pande zote mbili. Sababu ya kudai zaidi ya nusu ni hiyo hiyo, kwamba sheria ya msingi isimame juu ya watu wa pande zaidi ya moja. Tunasema tayari mwafaka mpana, mashauriano mapana. Sikio halitashtuka.

Lakini neno hili litawadai wanaolitumia, na nataka liwadai. Tarehe 20 Desemba 2017 Bunge la Uganda liliondoa ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais kwa kura 317 dhidi ya 97. Theluthi mbili ilivukwa kwa nafasi. Ilikuwa pana? Chama kimoja kikiwa na theluthi mbili ya viti tangu siku ya uchaguzi, namba hiyo hailindi tena chochote, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Tanzania kwa muda mrefu. Namba ilitungwa ili iwalazimishe wengi kwenda kuzungumza na wachache. Wengi wakishaitimiza wenyewe, mazungumzo yanakuwa hisani.

Katiba ya Tanzania ina mahali ambapo upana umeandikwa kweli. Ibara ya 98 inataka mambo kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, orodha ya Mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar yasiguswe mpaka ipatikane theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande na yake. Wazanzibari ni wachache mno kuweza kushinda kwa vichwa. Kwa hesabu hii hawawezi kumezwa. Kiswahili kina njia ya kulisema hili kwa pumzi moja, kwa kulirudia neno: wape maembe mawili mawili, yaani kila mmoja mawili. Theluthi mbili mbili. Sijaona lugha nyingine ya Bunge inayoweza kuibana ibara nzima katika maneno matatu.

Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilifanya kazi chini ya sharti hilo hilo. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa wapinzani, walikuwa wameshatoka tangu Aprili, na hesabu yote ikageukia upande wa Zanzibar, ambako kila mtu mmoja alikuwa na uzito. Kanuni zikabadilishwa ili wajumbe waliokuwa nje ya ukumbi, hata nje ya nchi, waweze kupiga kura. Wengine wakapiga ya wazi, wengine ya siri. Tarehe 2 Oktoba ikatangazwa kwamba theluthi mbili imepatikana pande zote mbili, na mabishano juu ya hesabu ya Zanzibar hayakuisha siku ile. Mabishano yale yalikuwa juu ya asili: nani ni mjumbe wa upande upi, na nani anahesabiwa akiwa hayupo. Rasimu nyingine ikija, na itakuja, wanaoiandika wawe na maneno haya mkononi kabla kura haijapigwa.

Kwa hiyo ningeiandika hivi, ili wenzetu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, waikate watakavyo:

wingi mpana nm kura za ndiyo zisizopungua theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila upande uliotajwa na sheria. Asiyehudhuria huhesabiwa katika asili ya kura. Mf. Muswada ulipata wingi wa wote, lakini haukufikia wingi mpana, ukarudishwa kwenye kamati.